Mgeni wa miguu minane: mwoga achague vipi buibui wa kufuga?

Sisi watu wa pwani tuna buibui wa namna mbili. Lipo lile jeusi wanalojitanda mama zetu na dada zetu watokapo nje, na yupo yule mdudu wa miguu minane atandaye pembeni mwa dari. Lile la kwanza nimelipenda tangu utotoni, kwani nilikuwa nikikimbilia kujificha ndani yake kila nilipomwona huyu wa pili.

Leo umri wangu umepita miaka sabini. Nikikiri hapa kwamba nimeishi miaka yote hiyo nikimwogopa mdudu asiyezidi ukubwa wa kiganja, najua jamaa zangu wa Mji wa Kale watacheka. Na wacheke. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimekuja na kisa changu ili yule asomaye naye akiwa na hofu yake moyoni, awe mkubwa au mdogo, apate la kumfaa.

Hofu yangu ilianzia shambani kwa babu yangu, upande wa Kilifi. Chini ya mkanju mmoja mkubwa palikuwa na shimo lililozungukwa na utando mweupe, na watoto wa mtaa walikuwa wakilichokoa kwa ujiti mpaka mwenyewe atoke. Siku moja alitoka buibui mnene, mwenye manyoya, miguu yake kama vidole vya nyani. Binamu yangu alimbeba kwa jani la mgomba akamweka begani mwangu. Sikuumwa, lakini nilianguka chini kama gunia, na tangu siku hiyo jina langu mtaani likawa Buibui. Miaka michache baadaye filamu ya Dr. No, iliyotoka mwaka wa 1962, ilipofika katika sinema za Mombasa, wenzangu wote walikwenda kumtazama James Bond. Mimi nilitoka nje mara tu buibui mkubwa alipoanza kumtambaa kitandani. Nilijiona si mwanamume kamili.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba hata Sean Connery, aliyecheza nafasi hiyo ya Bond, alikuwa akiwaogopa buibui. Waliweka kioo baina yake na mdudu, na pale palipohitajika buibui amtambae mtu kwelikweli, aliyelala kitandani alikuwa mwenzake aliyezoea kazi za hatari. Laiti ningaliambiwa siku ile! Nakuomba msomaji ulikumbuke jambo hilo la kioo, kwa maana tutalirudia.

OMBI LA MJUKUU

Mwezi wa Septemba 2024 nilisafiri kwenda London kukaa na binti yangu, ambaye ni muuguzi na mara nyingi hufanya kazi zamu ya usiku. Alitaka niwe nyumbani pamoja na mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kumi na mitatu. Basi huko Uingereza mwezi huo wa Septemba ndio buibui wa majumbani, hasa madume, wanaotoka mafichoni na kuzurura kutafuta wake. Usiku wa tatu nilisikia ukelele bafuni. Nilipokimbilia huko nilimkuta mjukuu wangu amepanda juu ya ukingo wa hodhi, na chini yake buibui wa kahawia anakata njia kwenda zake. Alinitazama mimi nimwondoshe. Nami nilisimama mlangoni, mikono imekufa ganzi. Tulibaki hivyo mimi na yeye mpaka mdudu mwenyewe alipotuhurumia akaingia chini ya kabati.

Usiku ule ndipo tulipoambiana siri zetu. Nilimwambia habari ya mkanju. Yeye naye akaniambia kwamba katika safari moja ya shule, wenziwe walimtilia buibui wa mpira ndani ya mfuko wake wa kulalia, wakampiga picha za simu akipiga mayowe, na picha zile zikazunguka darasa zima. Tangu hapo kila asubuhi tumbo humuuma, lisilo na dawa, kwa kutotaka kwenda shule. Mama yake hakuwa na habari.

"Babu," akaniambia, "mimi nataka kufuga tarantula."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Si umesema wawaogopa?"

"Ndiyo maana namtaka."

Mama yake aliporudi asubuhi na kulisikia ombi hilo alicheka, kwani alimjua baba yake. Akasema, "Babu yako akikubali, nami nimekubali." Alikuwa na yakini kwamba mlango ameufunga kwa kufuli. Nami, Mungu ni shahidi wangu, neno la kukataa lilikuwa limekwisha kunifika ulimini. Lakini nilimwona kijana amesimama na sare yake ya shule, mkono tumboni, ananitazama. Nikasema, "Nimekubali, kwa sharti moja. Hatununui kitu mpaka tukijue. Usilolijua ni kama usiku wa giza."

HATUA KWA HATUA

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba hofu haiondolewi kwa kurushwa mtu ndani ya kisima. Binamu yangu alinirusha, na mwaone matokeo yake. Hofu hupunguzwa kidogo kidogo, kwa hatua ambazo mwenye hofu amezikubali mwenyewe. Tulianza na picha. Tuliweka kitabu cha maktaba kimefunguliwa upande wa pili wa meza, kisha kila siku tukakisogeza. Siku ya kwanza mjukuu alitazama kupitia vidole vyake. Siku ya tano tulikuwa tukihesabu macho ya mnyama huyo, ambayo ni manane, na bado haoni vizuri. Aijua dunia kwa mitikisiko inayopita ardhini na kwa manyoya yake.

Ijumaa moja, baada ya kuswali katika msikiti wa Regent's Park, ule wenye kuba la dhahabu uliokamilika mwaka wa 1977, tulikwenda kwa miguu mpaka London Zoo, ambayo iko katika bustani hiyo hiyo. Bustani hii ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka wa 1828, ina mafunzo maalumu kwa watu wazima waogopao buibui. Hufundishwa kwanza kuhusu mnyama mwenyewe, wakatulizwa nyoyo, na mwisho wakakutanishwa naye. Nilipoyasikia hayo niliona mzigo umenishuka mabegani. Kumbe sisi waoga tu wengi, mpaka tumefanyiwa darasa!

Tulisimama mbele ya tarantula aliye nyuma ya kioo. Mjukuu alinishika mkono, au labda mimi ndiye niliyemshika wake. Mnyama hakufanya lolote. Alikaa tu kama mzee aliye barazani baada ya chakula cha mchana. Tulimtazama robo saa nzima, na tulipotoka mjukuu akasema, "Babu, sikujua kuwa wao ni wavivu."

JINA LETU DUKANI

Wiki iliyofuata tuliingia katika duka moja la wanyama, mashariki ya London. Humo buibui wamepangwa katika visanduku vya plastiki na vioo, kila mmoja na karatasi ya jina lake. Ghafla mjukuu akapiga kelele, ila mara hii kelele za furaha.

"Babu, njoo uone! Huyu ni wa kwetu!"

Nilijongea. Ndani ya kisanduku alikuwamo buibui wa rangi ya machungwa, anang'aa kama kaa la moto, na mgongoni ana alama kama miali ya nyota. Karatasi yake ilimtaja kwa jina la Kiingereza, na ndani ya jina hilo limo jina la mji wangu wa Mombasa. Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya maili nikamkuta yule yule aliyenitupa chini ya mkanju, au ndugu yake wa karibu, ametangulia kufika na anauzwa kwa pauni.

Sitaficha kwamba moyo ulinifura. Mgeni katika nchi ya watu akisikia jina la kwao, hata likiwa juu ya gunia la viazi, hufurahi. Tayari mkono wangu ulikuwa mfukoni. Ndipo mzee mmoja wa Kiingereza, mteja wa siku nyingi pale dukani ambaye amefuga wanyama hawa tangu ujanani mwake, alipokohoa kidogo akauliza kwa adabu, "Huyu ni wa kwanza kwenu?" Nikamjibu kuwa ndiye. Akatikisa kichwa. "Basi mwacheni."

Akatueleza, na maelezo yake nayaleta hapa kama nilivyoyaelewa. Huyo wa rangi ya machungwa wataalamu humwita Pterinochilus murinus, na alipewa jina hilo na Pocock mwaka wa 1897. Yuko Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika ya mashariki na kusini, na rangi hiyo ya machungwa wafugaji huihusisha na milima ya Usambara. Yeye na jamaa zake wa Afrika huitwa na Waingereza buibui wa nyani, kwa sababu ya ile miguu inayofanana na vidole vya nyani. Kumbe yale macho yangu ya kitoto shambani yaliona sawasawa!

Lakini ni mkali. Akiguswa hakimbii tu. Husimama kwa miguu ya nyuma, akaonyesha chonge zake, na asipoachwa huuma. Tena ni mwepesi kama umeme. Haijathibitishwa kwamba sumu ya tarantula yeyote imewahi kumwua mtu, lakini kuumwa na huyu huleta maumivu makali, uvimbe na kukazana kwa misuli kunakoweza kudumu siku kadhaa. Mfugaji mzoefu humfuga kwa tahadhari. Mtu mwenye hofu akianza naye, siku ya kwanza atakapomwona amesimama na chonge nje, ndiyo siku atakayoapa kutotazama buibui tena maisha yake.

Mjukuu aliinamisha kichwa. Nami nilitoa mkono mfukoni. Tulikuwa karibu kufanya kosa lile lile wafanyalo watu wengi: kuchagua kwa rangi na kwa jina.

SIFA ZA MGENI MWEMA

Mzee yule alituketisha penye benchi, akatufundisha. Aina za tarantula zilizotambuliwa duniani ni zaidi ya elfu moja, lakini kwa mwanafunzi zagawanyika mafungu mawili. La kwanza ni wale wa Afrika na Asia. Silaha yao ni mbio na sumu, na kwa kawaida ni wepesi wa hasira. La pili ni wale wa mabara ya Amerika. Wengi wao sumu yao ni hafifu, kama ya nyuki au zaidi kidogo, na ni wapole zaidi. Lakini wengi wana silaha nyingine tumboni, vinyoya vidogo vya kuwasha ambavyo huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikaruka hewani. Nilipoambiwa hivyo nilimfasiria mjukuu kwa neno moja tu, upupu. Aliyepata kupita penye upupu kiangazi hahitaji maelezo zaidi.

Basi anayeanza achague katika fungu la pili, na humo achague anayekaa ardhini, mwenye mwendo wa taratibu na asiyehitaji uangalizi wa kila saa. Achague punda wa Lamu, asichague farasi wa mashindano. Alitutajia watatu wanaosifiwa: yule wa magoti ya dhahabu wa Argentina na Paraguay, yule wa magoti mekundu wa Mexico, na yule wa manyoya ya kujiviringa wa Nicaragua, Honduras na Costa Rica. Kuhusu huyo wa Mexico alituonya jambo. Zamani alikamatwa porini kwa wingi kwa ajili ya biashara hata mwaka wa 1985 ikabidi awekewe ulinzi wa mkataba wa kimataifa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye imani lazima aulize kila mara: huyu amezaliwa nyumbani kwa mfugaji, au ameng'olewa kwao?

Halafu ni kutazama afya. Tumbo liwe limejaa, lisiwe limesinyaa. Miguu iwe imetandazwa. Ikiwa imekunjwa chini ya mwili kama ngumi, mnyama huyo ana kiu kali au yuko katika kufa. Mkubwa wa dunia kwa uzito, anayepatikana Amerika ya Kusini, ambaye miguu yake hufikia karibu sentimita 28, mwoga hata asimtazame.

Na ukubwa wa kuanzia je? Hapo mzee alimgeukia mjukuu mwenyewe. Vifaranga wachanga kabisa ni kama mbegu ya kunde, lakini ni wepesi kufa na wepesi kukimbia. Mkubwa kamili humtisha mwenye hofu. Afadhali wa katikati, aliyekwisha kupata nguvu, ambaye atakua taratibu huku hofu nayo ikipungua.

Tulimchagua yule wa manyoya ya kujiviringa, ambaye wataalamu humwita Tliltocatl albopilosus, amezaliwa kwa mfugaji, na miguu yake ikitandazwa alikuwa na sentimita tano tu. Rangi yake ni ya kahawia kama gome la mti. Hakuna ambaye angempigia picha. Mjukuu alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu naweza."

MAKUMBI NA KIFUU

Siku tuliyomleta nyumbani ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza. Tulipouliza atandikiwe nini, tuliuziwa tofali la unga wa makumbi ya nazi! Lile kumbi ambalo kwetu hutupwa au hufanywa kamba, huko hulowekwa maji, likakamuliwa, na kuwa udongo wa buibui. Na pa kujificha je? Tuliambiwa kifuu cha nazi kilichopasuliwa nusu kinatosha. Basi mgeni wa kutoka Nicaragua, katika jiji la London, alilazwa juu ya makumbi chini ya kifuu, kama mtu wa Malindi.

Sanduku lake ni la kioo, refu kwa chini lakini si la kwenda juu, nayo makumbi yamejazwa mpaka nafasi iliyobaki juu ni ndogo. Sababu yake ni kwamba tarantula wa ardhini, juu ya kutisha kwake kote, akianguka kutoka mahali pa juu tumbo lake hupasuka akafa. Nilipolisikia hilo nilinyamaza kitambo. Miaka sitini nimemkimbia mnyama ambaye kuanguka kutoka ukingo wa meza kwaweza kuwa mwisho wake.

Chakula chake ni nyenje mmoja au wawili kwa wiki, na bakuli dogo la maji safi. Joto la chumba anachokaa binadamu lamtosha. Nyenje asipoliwa huondolewa. Usafi hufanywa kwa koleo refu, si kwa vidole.

Na kumshika je? Hilo ndilo swali ambalo kila aliyetutembelea aliuliza. Jibu ni kwamba hakuna haja. Mnyama huyu hamjui bwana wake, hapendi kupapaswa wala hafurahii, nawe humwongezei kitu kwa kumpandisha mkononi ila hatari ya kuanguka. Tena vile vinyoya si mchezo. Madaktari wa macho wa mjini Leeds waliandika katika jarida la The Lancet habari za mtu aliyekuwa akisafisha sanduku la tarantula wake, akageuza uso, mnyama akamrushia wingu la vinyoya. Jicho lilibaki jekundu kwa muda, na madaktari walipolitazama kwa darubini waliviona vimekita ndani. Kwa hiyo aliyemgusa hata kidogo aoshe mikono, wala asijipanguse macho.

Haya yalimfariji mjukuu kuliko yote. Alikuwa akidhani kwamba ushujaa ni kumbeba buibui mkononi na kuwaonyesha wenziwe. Nikamkumbusha James Bond. Kioo kile si aibu. Kioo ni adabu baina ya wawili wanaoogopana.

ALFAJIRI YA GANDA

Mwezi wa Desemba mnyama alikataa kula. Tumbo lake likawa jeusi, akajifungia chini ya kifuu wiki tatu. Halafu asubuhi moja, nimemaliza swala ya alfajiri na mama yake hajarudi kazini, nilimsikia mjukuu akiniita kwa sauti ambayo sitaisahau. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku. Buibui alikuwa chali, miguu juu.

"Amekufa, Babu. Nimemwua."

Alikuwa ameshika koleo, ataka kumgeuza. Hapo maneno ya yule mzee yalinirudia: akilala chali, usimguse. Nilimshika mkono. "Weka chini. Hajafa. Ajivua."

Tarantula hukua kwa kujivua gamba, na karibu kila mara hujilaza chali anapofanya kazi hiyo. Wakati huo mwili wake ni laini kama ute. Anayemgusa kwa huruma ndiye anayemwua, na nyenje mmoja aliyesahauliwa humo aweza kumjeruhi. Basi tulizima taa kubwa, tukaketi chini, mimi na mjukuu, bega kwa bega. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha kifuniko cha mgongo kikafunguka, na miguu ikaanza kutolewa mmoja mmoja kutoka ndani ya miguu, kama mtu avuavyo glavu zilizobana. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Alipogeuka alikuwa mkubwa zaidi, manyoya mapya, chonge zake nyeupe kabisa. Hakupewa chakula mpaka zaidi ya wiki ilipopita na chonge hizo zikawa nyeusi na ngumu.

Ndipo nilipotanabahi kwamba pua yangu iko shubiri moja kutoka kwenye kioo, na kwamba nimekaa hapo muda wote huo bila ya moyo kwenda mbio.

AMANA

Lile ganda tulilitoa kwa koleo, tukampelekea yule mzee. Alililainisha kwa maji, akalikunjua chini ya kioo cha kukuzia, akatabasamu. Kwa alama iliyo upande wa ndani wa tumbo hujulikana dume na jike. Yetu alikuwa jike.

"Hongereni," akasema. "Dume akishapevuka haishi muda mrefu. Jike wa aina hii aweza kufika miaka ishirini na zaidi."

Njiani kurudi tulikuwa kimya. Najua mjukuu alikuwa akipiga hesabu, kwa sababu nami nilikuwa nikiipiga. Yeye atakuwa na miaka thelathini na mitatu. Mimi, Mungu akipenda, nitakuwa nimekwisha kupumzika kando ya wazee wangu. Nikamwambia, "Wamjua yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie?" Alimjua; madrasa walimfundisha hadithi hiyo na adhabu iliyompata. "Basi buibui huyu si toi. Utakapokwenda chuo kikuu, utakapooa, utakapohama nyumba, ni juu yako. Ukiona huwezi, sema leo, tumrudishe kwa mwenye kujua."

Hakujibu mara moja. Tulipofika nyumbani alibadilisha maji ya bakuli kwanza, kisha akasema, "Naweza, Babu."

Na wale wa shuleni je? Hawakugeuka kuwa rafiki zake, wala hakuwapeleka buibui. Ila mwezi wa Januari mwalimu alipotaka kila mwanafunzi azungumze kuhusu jambo alijualo, alisimama mbele ya darasa lile lile na ganda ndani ya kisanduku, akaeleza. Alianza kwa kusema kwamba anaogopa buibui. Binti yangu aliniambia kwamba tangu wiki ile tumbo haliumi tena.

NENO LA MWISHO KWA WATU WA PWANI

Nilirejea Mombasa siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka wa 2025. Nilipoisimulia habari hii barazani, kijana mmoja akauliza mbona asiende Kilifi akachimbue chini ya mikanju, apate wa bure? Namjibu hapa mbele ya wote. Kwanza, wa kwetu ndio wale wakali. Pili, mnyama wa porini Kenya analindwa na sheria, hata akiwa mdogo. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 2025, mahakama moja mjini Nairobi iliwahukumu watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kosa la chungu! Walikutwa na chungu hai elfu kadhaa waliotaka kuwasafirisha kwenda kuuzwa kwa wafugaji ng'ambo. Tatu, yule wa chini ya mkanju ana kazi yake, ya kula wadudu. Mwache kwake.

Kuhusu hukumu ya kufuga mdudu kama huyo, mimi si mufti. Muulize mwanachuoni wako. Najua tu kwamba katika Qur'ani imo sura nzima, ya 29, iliyoitwa kwa jina la buibui, na kwamba mama zetu wakitukataza kumwua kwa ajili ya kisa cha pango la Thaur, ingawa wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu isnadi ya kisa hicho. Miye nilikuwa nikilitii katazo lile kwa kukimbia.

Juzi usiku nilimkuta mmoja bafuni kwangu, mkubwa, juu ya ndoo ya maji. Moyo ulistuka, hilo sikufichi, msomaji. Nilirudi jikoni, nikaleta bilauri na kipande cha karatasi. Nilimfunika kwa bilauri, nikapitisha karatasi chini yake, nikambeba mpaka uani, mkono ukitetemeka kidogo. Nilipomwachilia hakunitazama mara mbili. Kisha nikampigia simu mjukuu wangu kumpa habari, naye akauliza swali moja tu.

"Ulitumia kioo, Babu?"

"Nilitumia kioo," nikamwambia.